Paja la Wifi

Téning alipoingia uani kwangu na beseni kichwani nilijua papo hapo kwamba Arame ameamua kunidharau. Sikuhitaji kufunua kitambaa. Nilitazama nyuma yake, nikautazama mlango, nikasubiri, labda mwenyewe anakuja polepole kwa sababu ya vile viatu vyake virefu. Wapi! Mlango ulibaki wazi, wakaingia nzi.

"Asalaam aleikum, shangazi," akasema Téning, akapiga goti na kutua beseni mbele yangu. "Mama Arame anakusalimu. Anasema Idi njema, na paja lako hili hapa."

Téning ni mtumishi nyumbani kwa mdogo wangu Birane. Mwanamke mzima, ana watoto wake kijijini, mchapakazi, na mimi naye hatujawahi kukwaruzana. Lakini niambieni, tangu lini paja la wifi likaletwa na mtumishi? Hapa mjini Kaolack hata mtoto anajua. Siku ya Tabaski, hii Idi kubwa, kondoo akishachinjwa, mke anakata paja la nyuma, analifunika kitambaa safi, analibeba mwenyewe mpaka kwa dada wa mumewe, anapiga goti, anasema nisamehe, dada, kwa yote ya mwaka mzima. Dada anapokea, anamwombea dua, watu wanaona. Mambo yanaisha hapo. Huo ndio mwenendo tuliokutana nao duniani, na Arame anaujua vizuri kabisa. Mama yake mwenyewe alikuwa anabeba.

Nikafunua kitambaa. Sitasema uongo, paja lilikuwa zuri. Lilikuwa nene, lenye mafuta meupe pembeni, limekatwa juu kabisa bila uchoyo. Mate yakanijaa. Kwangu hakuchinjwa. Mimi ni mwanamke peke yangu, mume niliachana naye zamani, mtoto Mungu hakunipa, mama yetu yuko makaburini. Tangu asubuhi nilikuwa nimewasha mkaa, nimekata vitunguu beseni zima, nimevichanganya na haradali na pilipili, nangoja paja hilo tu.

Na si kwa njaa. Nyama naweza kununua, nasaga karanga sokoni na mikono yangu haijakatika. Ila mtaani kwetu siku ya Idi wanawake wanakaa milangoni na kazi yao ni moja, kuangalia nani amepelekewa paja na nani hakupelekewa. Mwanamke aliyepelekewa ana ndugu. Asiyepelekewa, hata akivaa dhahabu mpaka viwiko, ni mtu tu amepanga chumba. Mimi nina Birane peke yake, na paja la Birane ndilo linalowaambia watu kila mwaka kwamba Ngoné Sarr ana kwao. Sina kingine cha kuwaonyesha.

Kwa hiyo nikalifunika tena.

"Rudi nalo," nikamwambia Téning.

"Shangazi?"

"Umenisikia. Mwambie aliyekutuma kwamba nyama nimeiona, mwenye nyama sijamwona. Kama miguu yake imevunjika, anitumie mtu aniambie, nitakwenda kumpa pole."

Téning akanitazama kama mtu aliyeambiwa ameze kaa la moto. "Shangazi, tafadhali. Wageni wamejaa kule, mama ana kazi nyingi..."

"Na mimi nina kazi ya kusubiri. Nenda."

Akajitwisha beseni, akatoka. Nilisimama mlangoni kuhakikisha mtaa mzima unaona beseni likirudi. Nilitaka waone. Nilitaka Arame aambiwe kwamba watu wameona.

Jirani yangu Daba Ba alikuwa ameketi kizingitini kwake, ng'ambo ya njia, amevaa gauni la kitambaa cha bazini, la kijani, lililopigwa wanga mpaka linalia akijigeuza. Daba ni Mfulani na mimi ni Mserer, kwa hiyo sisi ni watani tangu kabla ya kuzaliwa, na hanibakizii.

"Sarr!" akapiga kelele. "Mla wali wewe, tangu lini Mserer akarudisha nyama? Unaumwa? Niite daktari?"

"Nyamaza, mtumwa wangu. Hayakuhusu."

"Yasinihusu vipi, na mimi nilishapanga kuja kula kwako?" Akainuka, akavuka njia, akaja karibu, akashusha sauti. "Ngoné, tuache utani. Mbona umerudisha?"

"Kamtuma mtumishi."

"Sawa, kakosea. Ungepokea, kesho ukaenda ukampa vidonge vyake mkiwa wawili tu. Siku yenyewe ni leo, dada yangu. Ukirudisha paja leo, unajua umesema nini?"

"Nimesema alilete mwenyewe."

"Hapana. Umesema wewe si wifi yake tena."

Nikacheka. Nikamwambia Arame atakuja, atakuja mbio, tena machozi yakimwagika na wanja umemchuruzika mpaka kidevuni. Mwanamke gani atakayekubali mumewe asikie kwamba dada yake karudisha paja? Birane akisikia hapatatosha pale. Birane nimemlea mimi. Mama alipofariki alikuwa bado anajikojolea, nilimbeba mgongoni huku nasaga karanga za watu, ada ya shule yake imetoka kwenye mabega haya. Nilipeleka mimi mbegu za kola za posa kwao Arame. Watoto wake wawili niliwanyoa mimi siku ya kupewa majina. Huyo ndiye mtu wa kunyamaza nikidharauliwa?

"Haya," akasema Daba. "Mungu akuletee huyo Arame." Akarudi kwake.

Nikavaa. Nilikuwa na bazini yangu ya zambarau, fundi aliniletea jana jioni akiwa bado anang'oa nyuzi za mshono, mwizi yule. Nikafunga kilemba, nikaweka hereni, nikatoa kiti nje, nikakaa kama mtu anayesubiri ugeni. Jua la Kaolack mnalijua, saa hizo halina huruma. Watoto wakapita na nguo zao mpya, wakaninyooshea mikono, nikawapa sarafu. Majirani wakapita kuombana msamaha kama kawaida ya siku hiyo, nisamehe Ngoné, nimekusamehe, nisamehe na wewe, Mungu atusamehe sote. Wote walisema hivyo wakichungulia jiko langu.

Jikoni palikuwa na mkaa mtupu.

Wakaja wake wa kaka zake Daba, wawili, kila mmoja na beseni lake. Wakapiga goti pale kizingitini, Daba akawaombea dua ndefu ambayo nina hakika aliivuta makusudi ili nisikie. Baadaye moshi wa nyama yake ukavuka njia ukaniingia puani. Alinitumia sahani. Nikairudisha. Sikuwa mtu wa kulishwa na watani siku ya Idi.

Mkaa ukawa majivu. Vitunguu vikalegea, vikatoa maji ya njano. Arame hakuja.

Aliyekuja ni mkwe wa Daba, binti mmoja mdomo hauna mlango, akitokea upande wa kwa Birane. Nikamsikia anamwambia mama mkwe wake, tena bila hata kunong'ona: "Ndella kaja na gari lake jeupe kutoka Dakar. Nimemwona anapakia paja kwenye buti. Wamelifunga kwenye barafu!"

Daba akamfinya, lakini nilishasikia.

Ndella ni mtoto wa mke mdogo wa baba. Baba mmoja, mama mbalimbali. Anafanya kazi ofisini Dakar, anaongea kupitia puani, anakuja Kaolack mara moja kwa mwaka na manukato mkononi, anaondoka kabla hajatokwa jasho. Hajamfutia Birane hata kamasi. Sasa yeye ndiye wifi?

Mori ukanipanda mpaka kwenye macho. Daba aliniita, "Ngoné, kaa! Ngoné, usiende hivyo!" Sikugeuka. Nilikwenda na bazini yangu ikilia njia nzima, watu wakanisalimu, nikawajibu kwa kichwa tu.

Ua wa Birane ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki, turubai juu, ngozi ya kondoo imetandazwa ukutani inakauka, wenzake wa kazini wanakunywa juisi ya choya na kuchokonoa meno. Birane mwenyewe alikuwa kwenye jiko la mkaa pembeni, amefunga kitambaa kiunoni, anageuza mishikaki. Arame alikuwa ameketi kivulini na Ndella, sinia ya ini la kukaanga katikati yao. Amevaa dhahabu. Alinitazama nikiingia, na hakuinuka.

"Karibu, wifi," akasema. "Idi njema."

"Paja langu liko wapi?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Lipi?"

"Arame, usinichezee. Mimi si mtoto wa shoga zako. Paja langu liko wapi?"

"La kwako lilikuja kwako," akasema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Ukalirudisha. Mtaa mzima umeona ukilirudisha. Ulisimama mlangoni ili waone, Téning kaniambia."

"Nilirudisha ulilete mwenyewe!"

"Nililete mwenyewe?" Hapo ndipo alipoinuka. "Mwaka jana nililileta mwenyewe. Nilikuwa na mimba ya huyu mtoto wa mwisho, jua la mchana linanichoma utosini, ukaniacha nimesimama mlangoni kwako. Ukaliinua paja kwa vidole viwili mbele ya Daba na wenzake. Ukaniuliza kama kondoo wetu alikuwa na kifua kikuu. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilirudi hapa nalia, na mimba yangu. Umesahau?"

Sikusahau. Ni kweli nilisema hivyo, na lile paja la mwaka jana kweli lilikuwa la kuchekesha, jembamba kama mkono wa mtu anayefunga Ramadhani miaka miwili. Nilidhani na yeye angecheka. Wifi asipotaniwa na wifi yake ataniwe na nani? Ila huyu, kwao wanakula kimya kimya na kuweka kinyongo mwaka mzima.

"Kwa hiyo hasira za mwaka jana ndio ukampa huyu?" nikamnyooshea Ndella kidole.

Ndella alikuwa anajifuta midomo kwa karatasi laini. "Jamani, dada Ngoné, kama ni paja tu lichukue. Liko kwenye buti. Mimi hata kulipika sijui, nilitaka kumpa mlinzi wa ofisini."

Hakukusudia kunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Paja langu mimi, kwa mlinzi wa ofisini!

"Wewe funga mdomo," nikamwambia. "Siongei na mtoto wa mke mdogo. Naongea na huyu aliyeingia nyumba hii kwa kola nilizobeba mimi." Nikamgeukia Arame, na sauti yangu nikaisikia imepanda mpaka nje. "Naapa kwa Mungu, leo sitoki uani humu bila nyama ya kondoo huyu mkononi! Na wewe ndiye utakayeibeba mpaka kwangu, kichwani, watu wakikuona!"

"Mimi?" Arame akacheka kwa pua. "Subiri basi. Kiti kile pale. Utasubiri mpaka Idi nyingine."

"Mwanamke huna adabu!"

"Nimejifunza kwako, wifi!"

Mgeni mmoja akasema astaghfirullah, mwingine akasema jamani leo siku kubwa, lakini hakuna aliyethubutu kuja katikati yetu. Birane ndiye aliyekuja. Aliweka koleo chini, akajifuta mikono kwenye kile kitambaa, akasimama kati yangu na mkewe. Alikuwa na majivu kwenye nyusi. Nikajisemea haya sasa, mwenye nyumba kaja, tuone.

"Arame," akasema. "Muombe dada msamaha."

"Mimi?"

"Muombe."

Nilimtazama mwanamke yule akimeza mate. Kwa muda nilidhani atakataa. Kisha akaweka mkono wa kulia kifuani, akakunja magoti kidogo, si mpaka chini, kidogo tu, akasema mbele ya wote: "Dada, nisamehe. Niliyoyafanya nikijua na niliyoyafanya bila kujua."

Ua mzima ukanigeukia. Jibu la maneno hayo ni moja na kila mtu analo mdomoni siku ile. Wanaombana msamaha mahasimu wa kesi za mashamba. Wanaombana wake wenza. Mtu akikuambia nisamehe siku ya Tabaski unasema nimekusamehe, hata kama moyoni bado unachemka, kisha kesho mnaendelea na ugomvi wenu kwa amani.

Na mimi neno lilishafika kwenye ulimi. Lakini nikayaona macho yake. Yalikuwa makavu. Yalikuwa yananipita begani, yanaangalia mishikaki kama inaungua.

"Sikusamehe," nikasema.

Mtu alidondosha bilauri.

"Sikusamehe hapa," nikaendelea, maana nilishaanza na sikujua pa kusimama. "Hapa unajionyesha mbele za wageni wako. Utakuja kuomba kwangu, mlangoni kwangu, na paja kichwani. Hapo ndipo nitaona kama nikusamehe."

Arame akanyanyua magoti yake. Machozi yalimjia sasa, yale niliyoyasubiri tangu asubuhi, na mumewe akamgusa mkono akamwambia aingie ndani. Akaingia.

"Mwache aende!" nikamwambia Birane. "Umemdekeza. Anampa paja langu mtu asiyejua hata kulipika, na wewe unamwambia aingie ndani apumzike?"

"Hakumpa yeye," akasema Birane.

"Nani basi?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyempa Ndella."

Sikumwelewa. Nilimwambia aseme tena.

"Téning aliporudi na beseni, Arame aliinuka," akasema. Hakupandisha sauti. Birane hapandishi sauti, tangu utoto akikasirika huwa anazidi kunong'ona. "Aliogopa. Alishavaa viatu vyake, alishashika kitambaa, alitaka kulileta mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia kaa. Nikamwambia dada kalirudisha, basi, limerudi. Nikalichukua nikampa Ndella."

"Birane."

"Nimechoka, dada."

"Umechoka na nini?"

"Na wewe." Akafumba macho, akayafumbua. "Kila Idi ikikaribia silali. Sifikirii kondoo, sifikirii nguo za watoto. Nafikiria leo dada atasema nini, leo atamliza nani. Umenilea, sijasahau, na kila mwaka unahakikisha sisahau. Mke wangu amekuomba msamaha siku ya Mungu, mbele ya watu, umekataa. Mimi sina cha kukwambia tena."

Niliona aibu kwa ajili yake, kuongea hivyo mbele ya watu wa kazini. Hivyo ndivyo nilivyojisemea, aibu ni yake. Lakini nikajikuta nakiweka sawa kilemba changu, na kilikuwa sawa tangu mwanzo. Nilitaka kumwambia kwamba sikutaka nyama, nilitaka mtu aje. Mtu mmoja kutoka nyumba yake aje mlangoni kwangu kwa miguu yake. Yaliyotoka ni mengine.

"Nimeapa," nikasema. "Umenisikia nimeapa. Sitoki bila nyama."

"Nimesikia. Sitaki uvunje kiapo siku kama ya leo."

Akaenda kwenye meza ya kukatia. Kondoo hugawanywa mafungu matatu, hilo halina mjadala. Fungu la nyumba lilikuwa kwenye masufuria na kwenye midomo ya wageni. Fungu la ndugu lilishatawanyika, na kipande chake kikubwa kilikuwa kwenye barafu ndani ya gari jeupe. Mezani palikuwa pamebaki fungu la tatu tu, limeshafungwafungwa kwenye vifuko vya bluu vya dukani, linamsubiri Téning alipeleke mlangoni. Birane akasimama pale kidogo, kanipa mgongo. Nilimwona akiangalia vile vifuko, kisha akiangalia kwenye masufuria, kisha akirudi kwenye vifuko. Akachukua kimoja.

Akaniletea. Akakishika kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

"Ndicho kilichobaki, dada."

Mngefanya nini nyinyi? Ningekikataa, ningekuwa nimeapa uongo kwa Mungu mbele ya kundi zima la watu. Ningekitupa, ningekuwa nimetupa sadaka chini siku ya Idi. Ndella alikuwa anatazama simu yake. Wageni walikuwa wanatazama miguu yao. Nikanyoosha mkono, nikapokea. Kifuko kilikuwa cha baridi na kimelowa chini.

"Nisamehe, dada," akasema Birane.

Nilimpa mgongo.

Nje ya mlango, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, walikuwa wameketi wanawake wenye mabakuli, wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba tangu sala ya asubuhi. Nilijaribu kupita haraka. Bazini yangu ikanasa kwenye kona ya mkeka wa mmoja wao, mama wa makamo, jicho moja lina mtoto wa jicho, ikabidi nisimame niinasue. Akanisaidia kuitoa, taratibu, ili isichanike. Kisha akakiona kifuko mkononi mwangu, akakitazama cha kwake pale mapajani, cha bluu vilevile, akasogea akaniachia nafasi kwenye mkeka.

"Kaa, mwenzangu," akasema. "Usiondoke bado. Hawa jioni huwa wanatoa na utumbo."

"Siketi."

"Haya. Wewe wamekupa nini? Mimi mfupa mtupu."

Ningeweza kumwambia mimi ni nani. Ningeweza kusema mwenye nyumba hii nimemlea mgongoni. Badala yake nikafungua kifuko nikachungulia. Ndani mlikuwa na mbavu mbili, kipande cha shingo na ngozi ya tumbo.

"Paja," nikamwambia.

"Paja zima?" Jicho lake zima likanitazama toka kilemba mpaka viatu, halafu akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Basi wewe una mtu humo ndani."

Nilifunga kifuko na kushika njia ya kwangu, ile ndefu ya nyuma ya soko, ambako Daba na wenzake wasingeniona nikipita.